Shanga za hamira zimeyeyuka na bia inanuka siagi

Swali: Naendesha kiwanda kidogo cha bia huku Arusha, na majaribio nafanya kwenye ndoo ya lita 20. Nilisoma kwamba hamira ikifungiwa ndani ya shanga za alginati, yaani ute wa mwani ulioganda, bia hutoka safi bila kuchujwa na shanga hutumika tena na tena. Nikatengeneza shanga kwa bomba la sindano, nikaziloweka usiku kucha kwenye maji ya asidi ya sitriki ili kuua vijidudu, halafu nikazitia kwenye maji ya kimea yenye kipimo cha sukari cha 1.048 pamoja na kijiko cha DAP, ile mbolea ya hamira. Siku ya pili zote zilikuwa zinaelea. Siku ya nne zilikuwa kama uji wa sagu. Haidromita iliposoma 1.012 nilizichota, bia nikaiweka kwenye friji. Sasa ni wiki moja na inanuka siagi. Nimekosea wapi? Mwani wa Zanzibar unaweza kutumika badala ya alginati ya kuagiza? Na nikijenga mnara wa shanga ili bia ipite mfululizo, si itakuwa bora zaidi?

Jibu:

Ndugu, makosa ni matatu na kila moja lina dalili yake. Asidi ndiyo iliyolainisha shanga. Hewa na ukubwa wa shanga ndivyo vilivyozielesha. Harufu ya siagi imetokana na wewe kuitoa hamira kazini mapema. Hilo la tatu ndilo zito, maana lingekupata hata kama shanga zingekuwa ngumu kama kokoto.

Tuanze na uji wa sagu. Alginati hutolewa kwenye mwani wa kahawia, na ni minyororo mirefu inayoelea ovyo ndani ya maji mpaka ikutane na kalsiamu. Kalsiamu ina mikono miwili, hivyo hushika mnyororo huku na mnyororo kule, kama kifungo cha shati. Vifungo vikitoka, shati linafunguka. Asidi ya sitriki ni hodari wa kunyakua kalsiamu, na juu ya hapo uchachu wake husukuma haidrojeni mahali kalsiamu ilipokuwa. Alginati yenye haidrojeni bado ni ngumu kidogo, ndiyo maana asubuhi huenda hukuona kasoro yoyote. Kasoro inajitokeza shanga zinapoingia kwenye maji ya kimea, ambayo pH yake ni kama 5.2 na yamejaa potasiamu kutoka kwenye shayiri. Haidrojeni inaachia, potasiamu inakaa mahali pake, na potasiamu ina mkono mmoja tu. Hapo hakuna kinachoshika kitu.

DAP nayo ilichangia, kwa sababu ni fosfeti, na fosfeti hupenda kalsiamu. Kimea chenyewe kina fosfeti ya kutosha. Wewe ukaongeza nyingine. Bia ya kimea kitupu haihitaji DAP hata kidogo, iwe hamira imefungiwa au iko huru. Hiyo ni ya wanaochachusha asali na matunda. Na kama ndoo unaisafisha kwa dawa yenye asidi ya fosfori, ile isiyohitaji kusuuzwa, dawa hiyo isiguse shanga kabisa.

Shanga haziuliwi vijidudu zikishatengenezwa. Usafi unafanyika kabla: vyombo vinachemshwa, maji yanachemshwa, hamira inatoka kwenye pakiti mpya. Dawa ya kusafishia vyombo ikiingia ndani ya shanga itaua hamira pamoja na bakteria.

Kwa jaribio lijalo usianze na lita 20. Anza na 5, kwa nusu lita ya shanga. Pima gramu 10 za alginati ya sodiamu ya chakula (alama yake ni E401) na mililita 400 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji yawe laini, yaani yasiyo na chokaa. Ya bomba yenye chokaa yatagandisha alginati kabla ya wakati wake na utapata mabonge. Maji yaliyotoneshwa ya duka la dawa yanafaa. Yale ya betri ya kituo cha mafuta usiyaguse, kwa kuwa hujui kama ni maji au ni asidi. Nyunyiza unga kidogo kidogo huku blenda inazunguka, la sivyo utapata madonge makavu katikati yasiyoyeyuka hata ukoroge mpaka jioni. Ukimaliza, funika uache kwenye friji usiku mzima. Hatua hii wengi wanairuka, na hapo ndipo kuelea kunapoanzia: blenda imejaza hewa kwenye ute, na ute mzito hauachii hewa upesi. Ukidondosha siku ileile, kila shanga inazaliwa na puto lake tumboni.

Kesho yake toa ute kwenye friji mapema ili ufikie joto la chumba. Amsha pakiti moja ya hamira kavu ya gramu 11.5 kwenye mililita 100 za maji ya nyuzi 30 hadi 35 kwa robo saa. Changanya na ute kwa mwiko, polepole, bila blenda. Sasa una nusu lita yenye alginati asilimia 2. Chini ya 1.5 shanga zitakuwa laini mno, na ukipanda karibu na 4 ute hautapita kwenye sindano na sukari itapenya kwa shida. Kando yake weka bakuli pana lenye lita moja na nusu ya maji na gramu 30 za kloraidi ya kalsiamu ya chakula, E509, ile inayotumiwa na watengeneza jibini. Ya kukausha unyevunyevu kabatini siyo hiyo, hata kama jina ni moja.

Kudondosha kunahitaji hesabu, na nadhani hukuambiwa. Shanga ya milimita 3 ina ujazo wa mililita 0.014 hivi. Nusu lita ni shanga elfu 35. Kwa sindano moja ikidondosha matone matatu kwa sekunde, utasimama hapo saa tatu na dakika kumi na tano, na ute wenye hamira utakuwa umeanza kutoa gesi ndani ya bomba. Kwa hiyo toboa mfuniko wa chupa ya plastiki, choma sindano kumi zenye ncha butu, ining'inize chupa kichwa chini juu ya bakuli kama sentimita 10 hadi 15, kisha toboa kitako chake ili hewa iingie. Kazi inaisha kwa dakika ishirini. Tone likianguka kutoka chini mno linabaki na mkia kama kiluwiluwi. Kutoka juu mno linagonga maji na kubanjuka kama chapati. Koroga bakuli taratibu ili shanga zisishikane. Ziache humo nusu saa hadi saa moja, maana kalsiamu inatoka nje kwenda ndani, na shanga iliyotolewa baada ya dakika tano ina ganda gumu na kiini cha majimaji. Chukua moja uikate kwa wembe. Ikiwa katikati inavuja, rudisha zote.

Zisuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye gramu moja ya kloraidi ya kalsiamu kwa lita. Na kwenye maji ya kimea yenyewe ongeza gramu 1 hadi 1.5 kwa lita 5, uiyeyushe wakati wa kuchemsha. Hiyo inaongeza kalsiamu ya kati ya miligramu 55 na 80 kwa lita. Ladha haitaharibika, na shanga zitakuwa na akiba ya vifungo.

Kuelea hakutaisha kabisa, nisikudanganye. Hamira iliyo hai inatoa hewa ukaa, na ikitoka kwa kasi kuliko inavyoweza kupenya ute, inakusanyika kuwa puto, shanga inapanda juu, na wakati mwingine inapasuka. Shanga kubwa ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu njia ya gesi kutoka katikati hadi nje ni ndefu. Kaa kwenye milimita 2 hadi 3. Za milimita 5, zilizo rahisi kutengeneza kwa bomba lisilo na sindano, usizifanye. Shanga zikipanda, zitikise chini mara mbili tatu kwa siku kwa kuzungusha chombo, bila kufungua. Au zitie kwenye mfuko wa wavu wa nailoni wenye kokoto safi ya chuma cha pua, zikae katikati ya maji. Mfuko usijazwe zaidi ya nusu.

Ukubwa una jambo lingine. Oksijeni hupenya milimita 0.1 hadi 0.2 tu kabla seli za nje hazijaimaliza. Hamira ya katikati ya shanga haiioni kabisa, na bila oksijeni haiwezi kujenga utando mpya wa seli. Inaishi, inakula sukari, lakini haizai. Hamira isiyozaa haihitaji kujenga protini, kwa hiyo inachukua asidi amino chache kutoka kwenye kimea. Hapo ndipo bia ya hamira iliyofungiwa inapoachana na bia ya kawaida: harufu za matunda hubadilika, alkoholi nzito hubadilika, na diasetili huwa inapanda.

Diasetili ndiyo siagi yako. Hamira inapotengeneza valini, asidi amino inayoihitaji, kitu kiitwacho alfa-asetolakteti huvuja kutoka ndani ya seli kuingia kwenye bia. Hakina harufu. Polepole, nje ya seli, bila msaada wa hamira, kinageuka diasetili. Kisha hamira huichukua diasetili na kuigeuza kuwa kitu ambacho pua haikisikii. Kuna hatua mbili hapo: ya katikati ni ya polepole na haitegemei hamira, ya mwisho ni ya haraka lakini bila hamira haifanyiki. Ulipozichota shanga siku ya nne, kwenye bia kulibaki alfa-asetolakteti ambayo haikuwa imegeuka bado. Bia ilinukia vizuri siku hiyo, sivyo? Kwenye friji imeendelea kugeuka, na hakuna aliyebaki wa kuimaliza. Pua ya mtu huanza kuisikia kwenye bia nyepesi ikifika kama miligramu 0.1 kwa lita.

Huu ndio mtego wa shanga. Hamira ya kawaida husumbua kuitoa, na usumbufu huo unailazimisha ikae mpaka imalize kazi. Shanga zinatoka kwa chujio la chai, basi mkono unawasha. Haidromita inapima sukari tu. Kuhusu siagi haisemi lolote. Na 1.012 yako huenda haikuwa hata mwisho wa sukari: ungesubiri isome namba ileile siku tatu mfululizo.

Kabla ya kutoa shanga, fanya jaribio hili. Chukua mitungi miwili ya kioo yenye mifuniko, kila mmoja mililita 100 za bia. Mmoja uache ulivyo. Wa pili ufunge, uutie kwenye sufuria ya maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa nusu saa, kisha uupoeze ndani ya maji baridi mpaka ulingane na mwenzake. Fungua yote miwili unuse. Joto limelazimisha kila alfa-asetolakteti iliyopo kugeuka sasa hivi. Ikiwa wa moto unanuka bisi zilizopakwa siagi na wa baridi haunuki, rudisha mfuniko wa ndoo na usubiri siku mbili zaidi kwenye nyuzi 20. Ikiwa yote miwili hainuki siagi, toa shanga.

Viwanda vikubwa vilipoichukua hamira iliyofungiwa, vingi havikuipa kazi ya kuchachusha mwanzo hadi mwisho. Viliipa hiyohiyo kazi ya kuondoa siagi. Huko Ufini, kiwanda cha Sinebrychoff kilitumia katika miaka ya 1990 mfumo huu: bia changa inatolewa hamira yake kwa mashine ya kuzungusha, inapashwa moto hadi nyuzi 90 hivi kwa dakika chache pasipo oksijeni, inapoozwa, kisha inapitishwa kwenye mnara ambao hamira imeshikamana na chembe za selulosi. Moto unafanya hatua ya polepole kwa dakika badala ya wiki, hamira ya mnarani inafanya ile ya haraka. Jumla ni saa mbili hivi. Wamarekani wa Budweiser wana njia ya zamani zaidi ya jamaa hiyohiyo: vipande vya mti wa biichi hutandikwa chini ya tangi la kukomazia, hamira inatua juu yake badala ya kurundikana kitakoni, na bia inaendelea kuigusa. Kazi nyingine iliyofanikiwa ni bia isiyo na kilevi: kiwanda cha Bavaria cha Uholanzi kimepitisha maji ya kimea kwenye mnara wa hamira yakiwa karibu na nyuzi 0, baridi kiasi kwamba alkoholi karibu haitoki, lakini ile ladha ya uji wa kimea inapungua.

Sasa mnara wako. Hesabu kabla ya kununua pampu. Tuseme una lita moja ya shanga kwenye bomba. Mipira iliyorundikwa huacha nafasi kama asilimia 40 katikati yake, kwa hiyo bia iliyomo wakati wowote ni mililita 400. Uchachushaji kamili unahitaji, tuseme, saa 20 za kugusana na hamira. Mtiririko wako basi ni mililita 20 kwa saa, chini ya nusu lita kwa siku. Lita 20 zitachukua siku 42, na siku zote hizo maji ya kimea matamu yamekaa pembeni yakisubiri zamu bila kuoza. Hayatasubiri. Kwa kuondoa siagi pekee, saa mbili za kugusana zinakupa mililita 200 kwa saa, yaani siku nne kwa lita 20. Kuacha shanga ndooni siku mbili zaidi kunafanya kazi ileile bure. Juu ya hapo shanga za alginati ni laini: zikirundikwa zinabanwa, gesi inachimba njia moja ya kupitia, na bia yote inafuata njia hiyo bila kugusa shanga nyingine. Mnara ni wa mwenye tangi la maelfu ya lita na aina moja ya bia inayotoka mwaka mzima. Wewe unabadilisha bia kila mwezi.

Mwani wa Zanzibar ni swali zuri, lakini jibu ni hapana kwa alginati. Unaolimwa kule ni mwani mwekundu, spinosum na kottonii, nao hutoa karajinani. Kottonii hutoa karajinani aina ya kapa, ambayo kweli inafunga hamira: watafiti wa kampuni ya bia ya Labatt huko Kanada waliitumia kwa bia. Inagandishwa kwa potasiamu, siyo kalsiamu, kwa hiyo potasiamu ya kimea inakuwa rafiki badala ya adui. Ugumu wake ni joto. Inayeyuka kwenye maji ya moto, na lazima uichanganye na hamira ikiwa bado haijaganda, karibu na nyuzi 40, ambapo hamira imeanza kuteseka. Unahitaji kipimajoto cha uhakika na mkono mwepesi. Spinosum, ambayo ndiyo nyingi Unguja na Pemba kwa kuwa kottonii hufa maji ya bahari yakipata joto, hutoa aina ya aiota, jeli laini inayonyumbuka, isiyofaa kwa shanga. Na vyovyote vile ni karajinani iliyosafishwa ndiyo inayotumika. Mwani mkavu uliochemshwa jikoni una chumvi na mchanga, na ute wake haupimiki.

Kuzitumia tena: zikitoka, zisuuze kwa yale maji ya kalsiamu na uzitie kwenye maji ya kimea mapya siku hiyohiyo. Yapige hewa vizuri kabla shanga hazijaingia, kila mara, kwa sababu hamira iliyochoka inahitaji oksijeni hiyo kuliko hamira mpya. Ukilazimika kuzihifadhi, ziwe nyuzi 4, ndani ya maji yaliyochemshwa yenye gramu 5 za kloraidi ya kalsiamu kwa lita, isizidi wiki. Bia ya pili itachachuka haraka kuliko ya kwanza, na itakuwa na ukungu zaidi, maana seli za pembeni zimezaa na zinatoka. Usizihofie, zinasaidia kumaliza siagi. Mizunguko mitatu hadi mitano inatosha. Shanga zikiteleza kama bamia, zikinuka siki, au zikibonyea kwa kidole bila kurudi, zitupe. Ni gramu 10 za unga na pakiti moja ya hamira. Hazina thamani ya kuhatarisha lita 20.

Na bia iliyoko kwenye friji usiimwage bado. Kwanza ionje: ikiwa ina siagi pamoja na ukali wa maziwa ya mgando, hiyo ni bakteria na haiponi. Ikiwa ni siagi peke yake, itoe ipate nyuzi 18 hadi 20. Chachusha lita 2 za maji ya kimea kwa hamira mpya, huru, isiyofungiwa. Povu likiwa limesimama juu, siku ya kwanza au ya pili, mimina zote kwenye ndoo kwa upole bila kuingiza hewa, weka mfuniko wenye mrija wa kutolea gesi. Siku ya nne rudia jaribio la mitungi miwili.